Mapipa ya Buluu ya Wingwi

Safari hii niliipata kwa ubishi. Mkuu wangu wa kazi hakuona haja ya mtu kuvuka bahari kwenda kutazama taka, na kama ningekuwa mtu wa kunyamaza ningebaki Unguja nikinywa chai ya ofisi. Lakini mimi, wanaonijua wanajua, mdomo wangu hauna komeo.

Kazi yangu, kwa wasioijua, ni kuziweka taka za viwanda kwenye mafungu yake. Kiwanda kinachotaka kibali kipya sharti kiandike kila taka kinayoitupa: ni kitu gani, ni cha hatari ama si cha hatari, na kinaishia wapi. Mimi huenda nikaangalia kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Jamaa zangu hunicheka, eti nimesoma miaka yote hiyo ili nichungulie majaa. Nawaacha wacheke.

Basi kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya majani ya mkarafuu, huko karibu na Wingwi, kaskazini mwa Pemba, kilituletea karatasi zake. Majani yaliyokwishachemshwa, si hatari, hugeuzwa mbolea. Majivu ya tanuri, si hatari. Mapipa matupu, si hatari, yameoshwa, wamepewa wanakijiji. Mkuu alikwishashika kalamu atie saini.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Mapipa hayo yalikuwa na nini?"

"Saumu, pipa tupu ni pipa tupu."

"Tupu la nini? La asali? La tindikali? Na kaliosha nani?"

Akaiweka kalamu chini kwa kishindo. "Nenda basi ukalione kwa macho yako, utupumzishe."

Nikaenda.

Jumatatu alfajiri mama aliamka kabla yangu. Alinichotea maji kwenye pipa lake la uani, nikanawa uso, naye akanisimamia na ufagio mkononi akiniusia. Mama asili yake ni Wingwi, ingawa ameolewa Mjini tangu msichana, na jamaa zake wa huko bado humletea vitu kila wakija. "Wasalimie wote utakaowakuta," akasema. "Na chakula cha watu usikikatae. Pemba hakutoki kitu kibaya."

Boti ilikuwa na mawimbi na sina la kusimulia humo ila kwamba nilifumba macho mpaka Mkoani. Gatini alikuwa akinisubiri Ustadh Faki, mtunza stoo wa kiwanda, mtu mrefu, mwembamba, kanzu imepigwa pasi hata mikunjo yake ikasimama. Watu walikuwa wakimsalimia kila hatua. Jioni husomesha chuo cha Kurani kijijini kwao, na nusu ya vijana wa Wingwi wamejifunza kutia udhu mbele yake.

"Bi Saumu, karibu Pemba. Utafikia kwangu," akaniambia tukiingia kwenye gari la kiwanda. "Kule kwetu hakuna nyumba ya wageni, na mgeni mwanamke halazwi peke yake. Halafu umekuja na bahati. Ijumaa namuoza binti yangu, Zuhura."

Nikampongeza. Akatabasamu kidogo, kisha akageuka kutazama nje. "Tuombee tu. Mwari mwenyewe si mzima sana. Kapata kijicho."

Baada ya Chake Chake barabara ilipanda na kushuka vilima, na tulipofika Ole harufu ikatuingilia madirishani. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia, na watu waliokuwa wakitembea na waliopanda baiskeli wote walizipisha kwa adabu. Nilivuta pumzi nikasema alhamdulillahi, kuna watu wanalipwa kuishi humu. Ustadh Faki akacheka akasema anayelipwa bado hajamwona.

Alasiri tukafika kwake. Lami iliisha zamani, na gari lilikuwa likiyumba kwenye mashimo hata nikauma ulimi. Uani kulikuwa na harusi inayojipika: wanawake wanachambua mchele, wengine wanamenya vitunguu saumu, na chini ya ukuta yamepangwa mapipa ya buluu, yamejaa maji mpaka juu, yamefunikwa kwa vitambaa vyeupe. Mke wa Ustadh, Bi Mize, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo, alinikumbatia kabla sijamaliza salamu.

"We mwana wa nani? Wa Bi Kazija? Yule aloolewa Mjini? Kumbe damu yetu! Kaa, kaa, unywe maji kwanza, njia ya kuno hukausha koo."

Akachota kwenye pipa. Maji yalikuwa baridi, yananukia karafuu kwa mbali, harufu niliyoizoea tangu nyumbani kwetu. Nikanywa kikombe, nikaomba cha pili. Nikasifu. Bi Mize akaniambia mapipa yote ni ya shughuli, hayana mwenyewe. Mwenye harusi huyakusanya, akimaliza huja mwenye harusi mwingine au mwenye hitima akayabeba. Yamefika Ole, yamefika hata Chokocho kusini kabisa, yakarudi. "La kwetu ni lile jipya la ukutani," akasema kwa fahari. "Baba Zuhura kalileta mwezi huu. Lile jingine kalikata kati, tunasingia mwari."

Nikataka kumwona mwari. Nilidhani nitamkuta msichana aliyenona kwa kufungiwa ndani, anang'aa kwa singo, ule unga wa manukato anaosuguliwa mwari mwili mzima. Nilimkuta Zuhura kakaa mkekani kaegemea ukuta, jasho linamtiririka na chumba kina upepo, machozi yanamtoka wala halii. Kando yake ile nusu ya pipa, na ndani yake singo limekandwa kwa mafuta na marashi, siku zote wanalikandia humo humo. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka alipojaribu kunisalimia.

"Ameanza lini hivi?" nikauliza.

"Tangu atiwe ndani," akajibu Bi Mize, sauti imeshuka. "Anatapika, anaona giza. Jicho la watu hilo, mwanangu. Lakini baba yake humsomea kila siku. Anamsomea kwenye maji, anayanywa. Akizidi, tunamwongeza."

Nilisema inshallah atapona. Kijicho si fani yangu. Nikala, nikalala.

Jumanne asubuhi nikaanza kazi. Kiwanda kilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Meneja, kijana wa Bara mwenye haraka, alinitembeza kwenye masufuria makubwa ya mvuke, lundo la majani, shimo la majivu. Kila nilichokiona kilikuwa kama kilivyoandikwa, na nilianza kumwonea haya mkuu wangu. Kisha meneja akaitwa na simu akaniachia Ustadh Faki anioneshe stoo.

Stoo ile, wallahi, ungeweza kusali ndani yake. Magunia yamepangwa, sakafu imefagiwa. Pembeni lilisimama pipa la buluu ambalo halijafunguliwa, na kwenye karatasi yake palichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Nikasogea nikasoma. Ilikuwa dawa ya mchwa, ile ya mafuta, ile kali isiyochanganywa bado. Maghala ya pale yote yamejengwa kwa nguzo za miti na kujaa majani makavu, na mchwa wa Pemba si wa mchezo, kwa hiyo kiwanda huinunua kwa mapipa.

"Ustadh," nikasema, "pipa hili likiisha linakwenda wapi?"

"Ndiyo hayo tuliyoandika. Husafishwa yakapewa watu."

Nikalinyooshea kidole lile fuvu. "Haya yenye fuvu?"

"Karatasi naikwangua. Siwezi kumpa mtu pipa lenye sura ya maiti akaliweke nyumbani kwake, malaika hawataingia." Akaniongoza mpaka nyuma, kwenye sakafu ya saruji yenye bomba. "Naosha hapa, kwa mkono wangu, simwachii mtu. Mara saba. Ya kwanza kwa udongo."

"Mara saba?" Nilikuwa kama mtu anayesikia kwa mbali. "Ustadh, hiyo si ya chombo kilichorambwa na mbwa?"

"Hiyo hiyo. Sharia haina tohara iliyo kubwa kuliko hiyo. Nikasema, kama inatosha kwa mbwa, dawa itasaza nini? Kisha nalisuuza kwa maji ya moto ya majani, ikatoka harufu yote ya dawa. Linabaki kunukia karafuu tu."

Lahaula! Mtu huyu hakuwa mzembe. Angekuwa mzembe angeacha karatasi yenye fuvu, na watu wangeogopa. Angekuwa mvivu angeacha harufu, na watu wangeinusa. Uangalifu wake wote, maji yake, udongo wake, dini yake, vilikuwa vimefuta kila alama ambayo ingemwonya mtu. Na dawa ya mafuta hunyonywa na plastiki. Imelala ndani ya ukuta wa pipa, inatoka kidogo kidogo, na ukilitia mafuta inatoka kwa furaha.

Mafuta. Singo.

"Ustadh! Ile nusu ya pipa anayosingiwa Zuhura, ilikuwa ya nini?"

Akaanza kujibu, akaangalia lile pipa la fuvu, akageuka mbio kuelekea garini.

Hatukumuaga meneja. Dereva alituendesha mashimoni kama mwizi, na njia nzima nilikuwa nikiuhesabia mwili wangu vile vikombe viwili nilivyosifu.

Tulipofika uani Bi Mize alikuwa na kikombe mkononi, anaingia chumbani kwa mwanawe. Nilipiga ukelele, heshima yote ya mgeni imenitoka. "Usimpe! Maji hayo yana sumu! Mwageni yote!"

Visu vilisimama. Wanawake wote walinitazama, na hakuna aliyemwaga hata tone.

"Hee!" Bi Mize akajishika kiuno. "Pipa hili kalitoharisha mume wangu kwa mkono wake. Mara saba. Nawe watoka Mjini waja kutwambia siye tunanywa uchafu?"

"Bi Mize, sijasema ni chafu. Nimesema lina sumu."

"Kilotoharika kimetoharika!"

Wanawake wakaitikia. Niliona sina nguvu pale. Elimu yangu yote ya mafungu ya taka haikuwa na thamani ya kitunguu. Mafungu yao yalikuwa mawili, tohara na najisi, na pipa lilikuwa limekwishawekwa kwenye lake na mtu wanayemwamini. Nikamgeukia mwenyewe.

"Ustadh, nakuuliza wewe, usinijibu mimi, jibu kama mtoto wa chuoni kakuuliza. Sumu ni najisi?"

Akajibu kwa sauti yake ya kusomesha, kwa mazoea tu, kama mtu anayeamshwa usingizini akatamka jina lake. "Sumu ya mmea au ya ardhini si najisi. Ni tohara. Ila kuitumia mwilini ni haramu, kwa kuwa inadhuru."

Kisha akajisikia alichokisema. Niliona namna uso wake ulivyobadilika, na sitaki kuuona uso ule tena.

"Maji ya saba," akasema polepole, "yanaondoa najisi. Hayaondoi madhara. Nimelisomesha hili umri wangu wote." Akamwendea mkewe, akamtoa kikombe mkononi. "Mama Zuhura, nimemsomea mwanangu kwenye sumu. Kila alipozidi nikamwongeza."

Bi Mize hakupiga kelele. Aliketi chini pale pale, penye maganda ya vitunguu, akafunika uso kwa kanga. Ustadh alilisukuma pipa jipya kwa bega, likaanguka, maji yakaenda uani kote mpaka kwenye miguu ya wanawake, nao wakaruka nyuma. Zuhura tulimbeba mimi na dereva. Alikuwa mwepesi, na mate yalikuwa yakimtoka bila kujua.

Adhuhuri tulikuwa hospitali ya wilaya. Daktari, mwanamke mtulivu, alimfunua macho akatuita tutazame. Mboni zimesinyaa hata zimekuwa kama ncha ya sindano. "Amegusa dawa gani ya wadudu?" akauliza. Hakuuliza kama amegusa. Nikamweleza yote, singo, maji, pipa. Akamchoma sindano, akaamuru auogeshwe kwa sabuni kuanzia nywele mpaka vidole, na singo lote limtoke. Kwangu alisema vikombe viwili havitoshi kuniua, lakini nikiona jasho nirudi. Niliona jasho mchana kutwa, la hofu.

"Kuna wengine?" akauliza daktari.

Ustadh Faki alikuwa amekaa sakafuni kwenye kibaraza, kanzu yake ya pasi imeloa. "Mapipa ya shughuli hayana mwenyewe," akajibu. "Sijui yako wapi. Nilikuwa nikiona ni sadaka yenye kutembea."

Jumatano ilipita na hofu. Alhamisi jioni jasho la Zuhura likakata, mikono ikatulia, akaomba uji. Aliniuliza kama harusi imevunjwa, na ni mimi niliyelia, yeye hakulia.

Ijumaa harusi ilifungwa. Nikaha haimtaki mwari msikitini, baba yake yupo wa kumuoza, na bwana harusi alisema hamwachi mtu kwa kuwa kalazwa. Mimi nilikuwa nje upande wa wanawake, lakini kipaza sauti kilituletea kila neno. Ustadh Faki alimuoza binti yake kwa sauti isiyotetemeka. Watu wakaitikia amin. Kisha, badala ya kuinuka kwenda kwenye pilau, akaomba wamsikilize.

"Ndugu zangu, kuna pipa la buluu kwa kila mmoja wenu, au lilikuwepo, au litakuja. Ni mimi niliyewaambia ni tohara. Sikusema uongo. Lakini nimewapa kitu cha kuwaua. Binti niliyemuoza sasa hivi yuko hospitali kwa mkono wangu. Nayataka yote. Lenye dawa na lisilo na dawa, kwa sababu karatasi nimezikwangua mwenyewe na sasa hata mimi siyajui."

Halafu nikasikia mwanamke jirani yangu, kanga mdomoni, anasema, "Mtoto wangu alokuwa akitapika wakati wa maulidi. Yarabi, mtoto wangu." Akainuka kwenda nyumbani, na wengine wakainuka. Pilau ya watu iliachwa jikoni. Nilishangaa hata moyo ukaniuma, maana nilikuwa nimejiandaa kubishana nao wiki nzima.

Yakaja. Kwenye magari ya ng'ombe, nyuma ya baiskeli, mengine yakiviringishwa njiani na wanaume wawili wawili. Pilau ya harusi ile ilikuwa imepikwa kwa maji ya kisima yaliyotekwa kwa ndoo, na Bi Mize alikuwa mtu wa kwanza kuchota. Kila pipa lililofika Ustadh Faki alilitoboa kwa patasi na nyundo, hapa, hapa na hapa, ili lisiweke maji tena hata likiibwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na rangi nikiandika juu ya kila moja neno HATARI. Akaniomba nilichore na fuvu.

Jumamosi nikamaliza na meneja. "Dada, andika vyombo vitupu," akanisihi. "Vitupu ndivyo vilivyo."

"Kitu kilichojaa dawa ukutani mwake si kitupu," nikamwambia. "Fungu la hatari. Yatafungiwa hapa mpaka yachukuliwe na wenye tanuri la kuyateketeza. Na ukimpa mtu hata kifuniko, kibali nitakuja kukichana mwenyewe." Pengine nilipandisha sauti zaidi ya ilivyohitajika, lakini sijuti.

Kabla sijaondoka nilipita hospitali. Zuhura alikuwa amekaa kitandani, mumewe mpya kando yake anamenya chungwa na kuliharibu. Ustadh Faki alinisindikiza mpaka garini. "Bi Saumu," akaniuliza, "yale ya Chokocho na Ole watayarudisha. Lakini yaliyopanda boti?" Sikumwelewa vizuri, au sikutaka kumwelewa. Nikamwambia tutatangaza redioni.

Njia nzima ya kurudi niliwaza nimejifunza nini. Nilikuwa nikidhani taka hatari hutupwa na watu wabaya usiku, kwa siri. Hii iligaiwa mchana kweupe, kwa sadaka, na mtu bora niliyekutana naye mwaka huu. Nimejifunza kwamba mtu akiniambia kitu hiki ni salama, kwanza nimuulize kwake salama maana yake nini. Na kwamba fomu zetu zina mstari wa kuandika taka zinaishia wapi, nasi huusoma mstari huo haraka kuliko yote.

Jumapili jioni nikafika nyumbani, nimechoka, koo limekauka. Mama alinipokea begi, akanikalisha uani, akafunua pipa lake akanichotea maji. Nikakileta kikombe mdomoni. Yalinukia karafuu.

Nilikitazama kikombe. Nikalitazama pipa, buluu yake iliyofifia kwa jua, na ubavuni pake doa la mraba lililokwanguliwa vizuri, kwa uangalifu, pasibaki hata herufi.

"Mama," nikasema, "pipa hili ulilipata wapi?"

"La harusi ya kina Bi Mize hilo, walinipa nilipokwenda kumuoza mkubwa wao. Mwaka wa ngapi sasa? Umelikuta hapa ulipomaliza skuli." Akacheka. "Mbona hunywi? Pemba hakutoki kitu kibaya."

Nikayamwaga chini, nikaingia jikoni kutafuta nyundo.